Jina la Hofu

Hofu isiyo na sababu ya kuonekana ni kama barua isiyotiwa sahihi. Aliyeletewa huisoma akatetemeka, kisha huanza kutafuta ni nani aliyeiandika. Katika kutafuta huko ndimo maradhi hukua au hupoa, na ndimo pia watu wasiohusika huponzwa. Makala haya yanatazama jinsi barua hiyo ilivyosomwa na lugha ya Kiswahili, na uganga wa nchi ya Masumbwe na majirani zake wa Shinyanga na Geita, na riwaya zilizoandikwa na mwana wa Kanda ya Ziwa. Yanauliza ni usomaji gani unaomfaa mgonjwa bila kumdhuru jirani yake.

Kwanza lugha yenyewe. Kiswahili hakina ufukara wa maneno katika jambo hili. Jakamoyo ni fadhaa ya moyo inayokosa utulivu. Kiherehere cha moyo ni mapigo ya haraka yanayomtia mtu hofu. Anayeshindwa kutulia husema kwamba roho yake iko juu. Wasiwasi ni neno lililotoka katika Kiarabu, na asili yake ni mnong'ono. Katika sura ya mwisho ya Kurani ni mnong'ono unaotiwa vifuani mwa watu. Dukuduku ni jambo lililokaa moyoni bila ya kusemwa, nalo hutolewa, kama mwiba utolewavyo mguuni. Ndani ya maneno haya matano mna elimu si haba: moyo unaodunda, pumzi inayopanda, sauti ya ndani inayotia shaka, na neno ambalo likisemwa hupunguza maumivu. Walioyaumba waliyajua maradhi, na sehemu ya dawa waliijua pia.

Yafaa kulikumbuka hilo kwa sababu liliwahi kukanushwa na watu wenye cheo. Daktari J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari huko Nairobi, alichapisha mwaka 1953, chini ya Shirika la Afya Duniani, kitabu juu ya akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Humo alidai kwamba maradhi ya huzuni nzito ni nadra kwa Waafrika, na akaifananisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo wake. Walakini hospitali ya namna ya Mathari ya siku zile ililetewa zaidi wale waliovunja amani. Mtu aliyekaa nyumbani usiku kucha akihesabu mapigo ya moyo wake hakuwa na sababu ya kupelekwa huko, wala hakuwa na askari wa kumpeleka. Wagonjwa walikuwako, waliokosekana ni wasikilizaji. Laiti daktari yule angefungua kamusi ya Kiswahili kabla ya kuandika, angalau herufi ya J ingemzuia.

Hata hivyo, wingi wa maneno si hakikisho la kufahamiana. Kiherehere siku hizi, katika kinywa cha watu wengi, ni tabia ya kujitia katika mambo yasiyomhusu mtu. Mgonjwa akisema ana kiherehere atachekwa. Jakamoyo limebaki vitabuni. Kilichoshika nafasi yao katika mazungumzo ya kila siku ni "presha" na "mawazo". Mtu husema presha inampanda, au ana mawazo mengi. La kwanza humpeleka kwenye kipimo cha damu. Kipimo kikionyesha kwamba ni mzima, mazungumzo hukoma hapo. La pili humletea ushauri wa kuacha kuwaza, ushauri unaolingana na kumwambia mwenye homa aache kutoka jasho. Hivyo mgonjwa hubaki na lugha iliyomweleza babu yake lakini haimwelezi yeye.

Ugonjwa wenyewe ni upi? Hofu ya ghafula huja bila ya kubisha hodi. Moyo huenda mbio, kifua hubana, jasho hutoka, vidole hufa ganzi, macho huona kizunguzungu, na mgonjwa huamini kwamba anakufa au anarukwa na akili. Aghalabu hufika kileleni katika dakika chache, kisha hushuka. Lakini aliyepatwa mara moja huishi akiingojea mara ya pili, na kungoja huko ndiko kunakomfunga. Huacha kupanda gari, huacha kwenda sokoni, huacha kulala peke yake. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, alieleza jambo linalopaswa kuwavutia hata wasomaji wa fasihi: kwamba hofu hii hukuzwa na tafsiri mbaya. Mwili hutoa ishara isiyo na madhara, kama moyo kudunda baada ya kupanda kilima au baada ya kikombe cha kahawa. Mtu huisoma ishara hiyo kama habari ya kifo. Usomaji huo humtisha. Kitisho huongeza mapigo. Na mapigo yaliyoongezeka huonekana kuwa ushahidi kwamba msomaji alisoma sawa. Duara limefungwa, na mgonjwa yumo ndani.

Kwa hiyo tiba iliyojengwa juu ya fikira hiyo ni kazi ya ufasiri. Mgonjwa na mtabibu wake huketi wakapanga mambo kwa taratibu: kipi kilitangulia, mwili ulifanya nini, ni wazo gani lililopita kichwani wakati ule. Kisha hujaribu. Mgonjwa huombwa apumue kwa haraka kwa makusudi, ajionee mwenyewe kwamba kizunguzungu na ganzi huletwa na pumzi, wala si na mauti. Hurudishwa kidogo kidogo mahali alipopakimbia, akae hapo mpaka hofu ishuke yenyewe bila yeye kutoroka. Ziko na dawa za hospitali zinazosaidia, ambazo daktari huziandika kwa wengine na huziacha kwa wengine. Lakini kiini cha tiba ya mazungumzo ni hiki: ishara ileile husomwa upya mbele ya msikilizaji, mpaka ipate maana iliyo ndogo kuliko ile ya kwanza.

Sasa itazamwe nchi ambayo usomaji huu ungefaa kufanyika. Masumbwe ni mji wa Wasumbwa, nao siku hizi umo katika wilaya ya Mbogwe. Ulikuwa katika mkoa wa Shinyanga mpaka mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012. Wasukuma na watu wa makabila mengine wamejazana humo, kwa sababu ya ng'ombe, mashamba na hasa dhahabu. Mchimbaji mdogo huingia katika duara, shimo lililoshikiliwa na matimba ya miti, akajua kwamba miti huoza na udongo hauna ahadi. Mwaka 2015, huko Nyangalata katika Kahama, wachimbaji waliofukiwa na kifusi walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Habari zao zilivuma duniani kwa sababu ya vyura na wadudu waliokula ili waishi. Lakini maisha ya mtu aliyekaa gizani siku 41 hayaishii kwenye siku ya kutolewa. Usingizi wake wa mwaka unaofuata nao ni habari, ingawa haina picha ya kupiga.

Mathalan, mchimbaji wa nchi hiyo akipatwa na hofu ya ghafula mdomoni mwa duara, atafanyaje? Huenda ataanza kwenye zahanati, na ni vema aanzie huko, kwa kuwa si kila hofu ni ya nafsi. Dhahabu ya wachimbaji wadogo hukamatwa kwa zebaki, kisha zebaki huchomwa motoni. Na mvuke wake ukivutwa kwa muda mrefu huleta kutetemeka, kukosa usingizi, hasira za haraka na woga. Tezi la shingo likifanya kazi kupita kiasi nalo huupeleka moyo mbio. Mtabibu anayeruka hatua hii naye ni msomaji mbaya. Lakini ikiwa vipimo havikuonyesha kitu, mchimbaji hurudi nyumbani na karatasi isemayo kuwa yu mzima, ilhali yeye mwenyewe anajua kuwa si mzima. Hapo mwenzake humwambia neno moja: umechezewa.

Neno hilo lina nguvu kwa sababu linajibu swali ambalo zahanati haikulijibu. Mpiga ramli hamwambii mgonjwa kwamba hana kitu. Humkalisha, humwuliza habari za ukoo, za mifugo, za deni na za mke. Humpa muda ambao mganga wa zahanati, mwenye foleni mlangoni, hana. Mwisho humpa hadithi yenye mwanzo na sababu. Kwa kipimo cha usanii, ramli ni utungo uliokamilika kuliko cheti cha hospitali, na anayeidharau bila ya kuliona hilo hataweza kushindana nayo. Kasoro yake haimo katika kusikiliza. Imo katika sahihi inayotiwa chini ya barua. Ramli inayotafuta mchawi hutia jina la mtu, na aghalabu mtu huyo ni jirani, ni mke wa baba, ni mwanamke mzee mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni.

Gharama ya sahihi hiyo imeandikwa katika historia ya taifa. Mauaji ya watu walioshukiwa uchawi katika Shinyanga na Mwanza yalikuwa mengi kiasi kwamba mwaka 1976 vyombo vya dola vilifanya msako mkubwa. Baadhi ya watuhumiwa waliteswa na wakafa mikononi mwa serikali. Na mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa kuubeba wajibu huo. Hivyo hofu iliua mara mbili: kwanza waliotajwa kuwa wachawi, kisha waliotajwa kuwa wauaji wao. Baadaye, katika miaka ya 2000, wenye ualbino katika mikoa hiyohiyo waliwindwa kwa ajili ya viungo vyao, kwa imani iliyouzwa kwa watafuta bahati, wachimbaji miongoni mwao. Mwezi Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta vibali vya waganga wa jadi, na mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Marufuku huweza kumfunga msomaji mbaya mdomo. Haiwezi kumpa mgonjwa msomaji mwema.

Ingekuwa dhuluma kuufunga uganga wote wa nchi hiyo katika tita moja. Hans Cory, aliyeandika sana juu ya mila za Kanda ya Ziwa, alichapisha mwaka 1955 makala juu ya Buswezi, chama cha ngoma kinachojulikana katika nchi za Wasumbwa, Wanyamwezi na Wasukuma. Katika ngoma za jamii hiyo, mateso hayasomwi kuwa kazi ya jirani mbaya. Husomwa kuwa wito wa mizimu. Mgonjwa haambiwi nani amchukie. Huambiwa aingie chamani, apate wazazi wapya wa kimila na ndugu waliowahi kuteseka kama yeye. Aliyekuwa mgonjwa huweza kuwa mganga wa wengine. Msomaji wa leo hana haja ya kuiamini mizimu hiyo ili aone tofauti kubwa iliyopo. Ramli ya mchawi hupunguza idadi ya jamaa wa mgonjwa, ngoma huiongeza. Katika nchi ileile, basi, desturi imetoa masomo mawili ya hofu moja, na la pili halimwagi damu.

Riwaya nazo zimesoma vipi? Hakuna mwandishi wa Kiswahili aliyeiandika hofu ya ndani kwa ukaribu kuliko Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020. Katika Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, binti analelewa chini ya ngumi za baba yake Zakaria. Anapigwa kwa sababu ya barua tu ya mvulana. Hofu ile haimlindi kama baba alivyotaka; inamharibu, na mwisho wake ni kujiua. Katika Kichwamaji, iliyotoka mwaka 1974, Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anajisimulia mwenyewe. Anaona kila kitu, anapima kila kitu, halali vema katika dunia, na yeye pia anajiua.

Wahakiki wamezoea kuisoma Kichwamaji kama riwaya ya falsafa: ukosefu wa maana ya maisha, upweke wa msomi, mgongano wa shule na kijiji. Usomaji huo ni sahihi, lakini umeacha jambo lililo wazi kuliko yote. Kazimoto anasema tangu ukurasa wa kwanza, na hapana mtu hata mmoja ndani ya hadithi anayemsikia. Ana rafiki, ana wazazi, ana mke. Anaongea nao, anabishana nao, lakini yale anayomwambia msomaji hawaambii wao. Dukuduku lake linatolewa kwenye karatasi peke yake. Msikilizaji pekee aliyepewa ni msomaji wa kitabu, naye amefungiwa nje ya hadithi na hawezi kumshika mkono. Huo ndio ustadi mkubwa wa riwaya hiyo, na ndiyo huzuni yake. Anayeifunga akisema tu kwamba Kazimoto alikuwa mwanafalsafa amefanya kosa lilelile la rafiki zake: amemvutiwa kwa akili zake asimwulize hali.

Hapo msomaji makini atapinga, na pingamizi lake ni la haki. Atasema kwamba kumgeuza mhusika kuwa mgonjwa ni kuishusha kazi ya sanaa iwe faili la hospitali. Na kwamba hofu ya Kazimoto, kama ile ya mchimbaji, ina sababu zake katika dunia, katika umaskini, katika madeni, katika duara lisilo na matimba imara. Kumfundisha mtu kupumua wakati paa la shimo linapasuka ni kumdhihaki. Ni kweli. Tiba haikusudiwi kumzoesha mtu hatari ya kweli. Mchimbaji anayeogopa matimba mabovu amesoma sawasawa, na dawa yake ni matimba mapya. Lakini hofu ya ghafula humfuata mpaka kitandani, ambako hapana shimo. Humkamata sokoni, ambako hapana kifusi. Na mtu aliyefungwa na hofu hiyo hana nguvu ya kudai matimba, wala ya kukataa deni, wala ya kumtetea bibi mzee anayenyoshewa kidole. Kumtibu ni kumrudishia uwezo wa kutofautisha hatari na ishara, na uwezo huo ndio mwanzo wa kila madai. Ama sanaa, haishuki kwa kuulizwa habari za mwili. Kazimoto anabaki kuwa mwanafalsafa hata ikikubaliwa kwamba alihitaji mtu wa kumsikiliza.

Fasihi ya Kiswahili haikosi mfano wa kusikilizwa. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, Karama anashtakiwa na Majivuno kwa hila, na adhabu inamngojea. Kinachomwokoa ni kwamba anapewa nafasi ya kusema, naye anasimulia habari za wajumbe, mmoja baada ya mwingine, mpaka baraza lililokusanyika kumhukumu linabadilika likawa hadhira. Kitabu kile kimesomwa kama siasa, na ndivyo kilivyo. Lakini kina somo la pili: kwamba msemaji haokolewi na ufasaha peke yake. Karama na Kazimoto wote ni wasemaji hodari. Mmoja ana baraza. Mwingine ana karatasi. Tofauti ya miisho yao imo humo.

Nje ya vitabu, jambo hilo limekwisha kujaribiwa. Mwaka 2006, mjini Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliwafundisha wanawake wazee wa mtaa kuketi katika benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza watu wenye mateso ya mawazo. Hawakutumia majina ya maradhi ya kigeni. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na waliwasaidia wagonjwa kuchagua tatizo moja na kulipangia hatua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa katika benchi hilo walipungukiwa na dalili zao kuliko waliopata huduma ya kawaida. Yafaa kuitazama picha hiyo kwa macho ya Usukuma na Usumbwa. Mwanamke mzee, yuleyule ambaye ramli humtaja kuwa chanzo cha hofu, hapa amewekwa kuwa dawa yake. Macho mekundu kwa moshi ni yaleyale. Aliyebadilika ni msomaji.

Tanzania ilihesabiwa mwaka 2022 kuwa na watu zaidi ya milioni 61, na wataalamu wa magonjwa ya akili ni wachache mno kwa umma huo. Hospitali ya Mirembe iko Dodoma, mamia ya kilomita kutoka Masumbwe, na jina lake limekwisha kuwa tusi la kuwatishia watu barabarani. Hapana haja ya kungoja mpaka kila zahanati ipate bingwa. Lakini msaidizi yeyote atakayeketi na mgonjwa, awe muuguzi, mwalimu, mzee wa kanisa au wa msikiti, atahitaji lugha ya kuulizia. Hapo ndipo kazi ya wasomi wa Kiswahili inapoanza. Lugha imejaa istilahi ngumu zilizotungwa mezani, ilhali jakamoyo limelala kamusini na kiherehere cha moyo kimegeuzwa dhihaka. Kuyarudisha maneno hayo katika vitabu vya shule, katika tamthilia za redio na katika mafunzo ya waganga wa zahanati si pambo la lugha. Swali kama "jakamoyo lilikushika lini, nawe ulidhani ni nini?" lina tiba ndani yake, kwa kuwa linakubali kwamba kitu kimetokea, na linauliza tafsiri kabla ya kumtafuta mtu.

Uhakiki umefundishwa kuwa maana haipatikani kwa pupa. Kwamba msomaji asiyestahimili utata hulitia andiko maneno yasiyokuwamo. Kanuni hiyo hufundishwa darasani kwa ajili ya mashairi na riwaya. Katika nchi ya madhahabu, kuikosa kumewagharimu wazee na watoto maisha yao. Barua isiyotiwa sahihi na ibaki bila ya jina la mtu mpaka isomwe mara ya pili, taratibu, mbele ya mwenye kusikiliza.